Shati la Zuhura Nililolifua

Temeke, Dar es Salaam
Alhamisi asubuhi

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Pokea shikamoo mbili, moja yako na moja umpelekee mama hapo alipokaa kwenye mkeka wake. Macho yake yanaendeleaje? Na mguu wako, ule uliokuwa ukivimba masika, umetulia? Nyuki wa shemeji wameingia kwenye mizinga mipya au bado wanamringia? Sie huku wazima, na mie mzima kuzidi wote, hata juzi jirani yangu fundi viatu kaniuliza siku hizi nakula nini. Huyo fundi viatu ndiye anayekuletea barua hii, anatangulia kwa treni ya leo. Zuhura mwanao atafuata Jumapili. Nimetaka barua ifike kabla yake kwa sababu kuna jambo atakusimulia, na Zuhura anasimuliaga kwa kifupi, na jambo hili kwa kifupi linaniumbua.

Kwanza mahafali ya kidato cha nne. Nilikwenda kwa niaba yenu na suti ya kijivu, nimeinyoosha mwenyewe, mgeni rasmi akawa anaitazama suti badala ya kutazama karatasi yake. Watoto walisimama wakaimba, msichana mmoja akasoma risala, akafika pale pa "leo tunaagana" sauti ikamkatika. Darasa zima likalia. Na mie nikalia, sikufichi. Jumatatu yake namwona Zuhura anavaa viatu vya shule.

"Unakwenda wapi?"

"Shule, mjomba. Mtihani bado."

"Na wale mlioagana nao?"

"Nao wapo."

Sasa mie niliyeishia darasa la tano, na siku ya kuacha shule nilitokea dirishani bila kumuaga mtu, nikabaki najiuliza: hawa watoto wanaagana lini hasa? Jibu lilikuja siku ya mtihani wa mwisho, likaingia mpaka ndani kwangu. Sikulitambua. Nikalifua.

Nikueleze vizuri. Unajua kazi yangu. Udobi huu nilioanza na beseni moja sasa unajulikana kuanzia hapa Temeke hadi Gongo la Mboto kambini. Kuna mwanajeshi aliniletea kombati iliyozama kwenye grisi, huoni rangi, huoni kifungo. Nilipomrudishia alidhani nimemnunulia mpya, akanipigia saluti barabarani, malori mawili ya nyuma yake yakasimama yakidhani kuna mkubwa anapita. Watu wapo, waulize. Doa ni doa, mie sijashindwa na doa.

Basi ile Ijumaa ya mtihani wa mwisho Zuhura karudi, kavua sare, kaitundika msumarini, kalala kwa uchovu. Jumamosi asubuhi akaenda shule kurudisha vitabu. Mie napita, naona shati. Dada! Shati jeupe nililolifua kwa mkono wangu miaka minne, limechafuliwa wino mbele, nyuma, mikono, mpaka ukosini. Bluu, nyekundu, kijani, na ile makapeni nyeusi nene. Nikasema hawa ni mahasidi. Mtoto kafanya mtihani vizuri, wamemharibia shati. Sie tuliopanga foleni alfajiri hadi jioni kwa kipande cha kitambaa miaka ile ya uhaba, nani kati yetu angefikiria mtu na akili zake aliache shati zima liandikwe? Na hilo shati nilikuwa nimeshalihesabia kuwa la Asha wako, anaanza kidato cha kwanza mwakani.

Utaniuliza, hukusoma? Sikusoma. Dobi hasomi doa, dobi anatoa doa.

Nikaingia kazini. Spiriti ya hospitali kwa pamba, taratibu, doa moja moja, halafu limao na chumvi, halafu juani kwenye majani, halafu sabuni mpya hii ya unga inayoingia siku hizi kutoka nje, tena juani. Palipokaidi nilirudia mara tatu. Nikatia wanga wa muhogo, nikapiga pasi ya mkaa. Nikwambie ukweli wa Mungu, sijawahi kufanya kazi bora kuliko ile. Lilikuwa jeupe mpaka mke wangu, Mama Sudi, kalitazama akafumba jicho.

Zuhura aliporudi jioni nikamwita kwa sauti, na wateja wawili wapo. "Zuhura! Njoo uone mjomba wako ni nani!"

Akalichukua. Akalitazama mbele. Akaligeuza nyuma. Akaangalia ndani ya ukosi, akafungua vikunjo vya mikono. Halafu akaniuliza polepole kabisa, "Mjomba, wako wapi?"

"Akina nani?"

"Wenzangu."

Ndiyo nikaelezwa. Kumbe siku ya mwisho wanaandikiana mashatini. Kila mtu anamwandikia kila mtu. Kuagana kwenyewe ndiko huko, yale ya mahafali yalikuwa mazoezi. Hakulia, dada. Angelia ningejua pa kushika. Alilikunja, akaliweka, akaacha kusema na mie. Heshima hakuvunja, asubuhi "shikamoo mjomba," jioni "chakula tayari mjomba," basi. Mama Sudi ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: "Dobi bingwa! Leo umefua mpaka watoto wa watu."

Jumapili nzima niliwaza. Huyu mtoto nilimpokea ana miaka kumi na nne, kakaa kwangu miaka minne, na sasa atashuka kwenye treni huko kwenu Tabora hataki kunitaja. Sikuwa tayari. Nikamwambia, twende tuwatafute waandike upya. Akasema, "Wameshatawanyika, mjomba. Na haiwi sawa." Nikalitia shati kwenye mfuko wa karatasi, nikanunua peni tatu, Jumatatu nikatoka mwenyewe.

Nilianzia Tabata kwa Anastazia, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, wazazi wake watu wa bara kama sie. Nilipomweleza alicheka hadi akashika mlango. "Mjomba, umezitoa zote? Hata ya makapeni?" Nikasema zote. Kisha, dada, tazama ajabu hii. Nikalitandaza shati mezani, jeupe halina alama, na yule binti hakutafuta pa kuandika. Akaweka kidole moja kwa moja chini ya ukosi, kushoto. "Mie nilikuwa hapa."

"Uliandika nini?"

"Nimesahau, mjomba. Tulikuwa tunapiga kelele."

Akashika peni, akakaa nayo muda hadi chai ikapoa. Nilitaka sana kujua anawaza nini. Mwisho akaandika: Siku ile ya mvua ulinifunga sweta lako kiunoni ukashinda na baridi, na hukumwambia mtu. Nikamwuliza sweta gani, kwani kulitokea nini? Akasema, "Mambo ya kike hayo, mjomba." Lakini sweta lile nalikumbuka, nililifua mie, na nilimgombeza Zuhura kwa doa lake. Naye alinyamaza tu.

Anastazia akanielekeza kwa wengine. Kila nyumba ikawa vilevile: shati jeupe, na mtoto anaenda mahali pake bila kubabaika, huyu begani, huyu karibu na kifungo cha tatu. Ningeweza kukuchorea ramani. Jumanne nikafika Gongo la Mboto kwa Hamisi, mtoto wa sajenti. Huyo tayari ana biashara, anauza mitumba kando ya barabara.

"Shikamoo mzee. Hilo shati unaliuza?"

"Marahaba. Siuzi. Wewe ulikuwa wapi hapa?"

Akalitambua, akapiga mluzi. "La Zuhura! Mzee, umetumia dawa gani? Njoo tufanye kazi, nina marobota yana madoa ya Ulaya." Nilifurahi kidogo, sikatai. Kisha akashika mkono wa kushoto wa shati, akasita. "Mwanzo nilimwandikia atakuwa daktari. Sasa niandike hivyohivyo? Matokeo bado, na mie mwenyewe ndiyo huyu unayeniona." Nikamwambia andika unachokijua. Akaandika: Hesabu nilifundishwa na wewe, huku najidai nakutania.

Jana ilikuwa Goba. Nimepanda vilima vya huko mchana jua kali, mtu mwingine angerudi. Nikawakuta wanne kwa pamoja wanamsaidia mwenzao kuvuna mihogo shambani kwa bibi yake. Wakanawa mikono, wakaandika mmoja mmoja, wakanipa na mihogo. Wakafika jumla kumi na tisa. Waliobaki wamesafiri au hawajulikani waliko. Ndipo nikaona kitu. Mfuko wa kifuani, pale juu ya moyo, ni patupu. Siku tatu hakuna hata mmoja aliyepagusa, wakati nyuma wanabanana.

"Hapa alikuwa nani?"

Wakatazamana. Msichana mmoja akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. "Hapo sie hatupajui, mjomba."

"Hampajui au hamsemi?"

"Vyote viwili."

Nikarudi nyumbani jioni, miguu imevimba, nimelibeba shati kama yai. Nikampa. Alisoma amesimama, kisha akakaa, akasoma tena. Mie nipo mlangoni. Akasema, "Hawakuandika hivi." Nikasema nimeharibu mara ya pili.

"Waliandikaje?"

Na unajua, anayakumbuka yote? Akaweka kidole chini ya ukosi. "Anastazia aliandika usinisahau." Akapeleka begani. "Huyu usinisahau." Kwenye kifungo. "Huyu usinisahau, akachora na ua. Wote, mjomba. Ukimtoa Hamisi na udaktari wake, shati zima lilikuwa usinisahau." Akarudi kwenye maneno ya sweta, akayasoma kwa sauti ndogo, na hapo ndipo alipolia, kile kilio nilichokingoja tangu Jumamosi. Alipomaliza akaniuliza kama nimekula. Dada, hilo neno sikulisikia kwake siku tano. Nilikula mihogo ya Goba sahani mbili.

Sasa mie nikiruhusiwa kidogo naingia mzima mzima. Nikamwambia, na hapo mfukoni je? Nitajie jina tu, nimfuate hata Mtwara, mie sishindwi na safari. Akacheka! Zuhura huyuhuyu. "Hapo ulishafua, mjomba. Pamebaki peupe, paache peupe."

"Basi niambie yalisemaje."

"Mjomba!"

Akalikunja shati, mfuko ukiwa ndani, akalipanga kwenye sanduku lake la safari. Kwa hiyo Asha asilitarajie. Mwambie mjomba wake atamtafutia jipya, na hilo atalifua mwenyewe.

Usimfikirie mwanao vibaya, sina ninalolijua, na Mama Sudi kaniambia nisilitafute. Ila usiku huu sijalala vizuri kwa kuwaza. Madoa mengine yote yalitoka kwa spiriti mara moja. Pale mfukoni nilisugua mara tatu, wino umeingia hadi kitambaa cha ndani, aliyeandika aliikandamiza kalamu kweli. Ilikuwa mistari minne, mifupi, ya bluu. Nilikuwa nayo chini ya vidole vyangu, macho ninayo, kusoma najua, na mie nikatazama juu kuona kama jua limekolea. Wewe mama yake usimwulize. Lakini akikwambia mwenyewe bila kuulizwa, uniandikie.

Nisalimie shemeji na mizinga yake. Msalimie shangazi yetu mkubwa anayekaa kwa seremala, na yule mdogo wetu wa mwisho anayelima tumbaku, mwambie suruali aliyoniachia bado ninayo. Mbusu mama mikono yote miwili. Mama Sudi anawasalimu, anasema barua hii ina chumvi. Mie nasema haina.

Ni mimi mdogo wako niliyeruka dirisha la shule,

Haruna, dobi wa Temeke