Uzi Ulioulamba

Chumba cha cherehani,
Nyumba ya mama,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu za nyumbani zikufikie. U hali gani huko, na wifi yangu, na wanangu? Nasikia baridi imeshaanza kwenu, basi vaeni. Huku sisi tuliobaki hatujambo, tunakula na tunalala, na ile cherehani mpya inavuja mafuta kama kawaida yake.

Barua yako imefika na pole zako tumezipokea. Hukuweza kuja kuzika. Haya, kazi ni kazi, sina neno. Lakini umesikia kwa watu kwamba yalikuwa mafua, ukauliza swali, tena neno moja umelipigia mstari: mafua tu yamemuuaje mama? Nitakujibu, ingawa niliombwa nisikujibu.

Nilimuuliza daktari hilohilo. Akasema mafua ni virusi, vinakaa kwenye kamasi na mate, vinapita kwa chafya, kwa mkono, kwa chochote kinachotoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Mtu mzima mwenye afya kama wewe hupenga wiki moja yakaisha. Mwenye pumu, aliyevuta vumbi la vitambaa maisha yake yote, yanamshukia kifuani yanageuka nimonia. Na pumu ya mama uliijua tangu unanyonya.

Sasa kumbuka ulivyokuja likizo. Uliingia mlangoni pua inatiririka, unajifutia nyuma ya mkono. Nikakwambia unawe, ukae sebuleni mpaka upone, usimsogelee mama. Ukanicheka, ukaniita nesi wa cherehani. Mama naye akanikemea nimwache mtoto wake, hajamwona siku nyingi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ila safari hii tunalia sisi.

Ukakaa naye kutwa nzima. Sare za shule zilirundikana zikingoja vifungo na pindo, na macho yake yalikuwa hayalioni tena tundu la sindano. Ukasema utamtungia. Ukaulamba uzi, ukaichonga ncha kwa midomo, ukatunga, ukachomeka sindano kwenye kimto. Na nyingine, na nyingine, mpaka kimto kikajaa. Uzi ukimchomoka, mama anaulamba palepale ulipoulamba wewe. Ndivyo tunavyofanya mafundi, wala hakuna anayefikiri mara mbili. Alikuwa na furaha, hilo sikunyimi. Sijamwona akicheka vile tangu baba afe.

Ukaondoka umepona. Yeye akaanza kupiga chafya.

Halafu vile vidonge vya rangi mbili ulivyomwachia. Daktari alivitazama akatikisa kichwa. Ni vya bakteria, kwa mafua havifui dafu. Mafua hayana dawa ya kuyaua. Ni kupumzika, kunywa vya moto, na mgonjwa kuangaliwa, akianza kuhema akimbizwe hospitali. Mama alianza kuhema. Nikamsihi twende, akagoma, eti kitinda mimba wake kamletea dawa ya maana, aimalize kwanza. Aliimaliza. Tulipomfikisha, midomo ilikuwa imeshabadilika rangi.

Nina hasira na wewe, mdogo wangu. Nakata kitambaa nina hasira, naosha vyombo nina hasira.

Pale kitandani alinishika mkono akasema, "Mdogo wako asijue. Mwambie moyo ulichoka." Nikamwitikia, naye akafa ameniamini. Nilikuandikia hivyo, nikauvumilia uongo ule mpaka ulipopiga mstari wako chini ya lile "tu". Mzigo ni wako, ubebe mwenyewe.

Kimto sijakigusa, isipokuwa mara moja. Nguo tuliyomzikia ilifumuka pindo, nikachukua sindano yako moja nikaishona. Ilikuwa tayari na uzi.

Shangazi anakusalimu, haulizi utakuja lini. Jirani yetu mpiga pasi naye anakusalimu sana. Yeye hajui kitu. Anakusifu mtaa mzima kwamba hajapata kuona mtoto wa kiume anayekaa kumtungia mama yake sindano. Nisalimie wifi, nibusie wanangu, ila wewe ukiwa na mafua usiwabusu.

Mungu akupe maisha marefu, na kumbukumbu isiyofifia.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata hivi.