Nguzo ya Darubini Uani

Jumatatu, 3 Machi

Darubini imefika. Mwalimu wa jiografia anahamia kwa mwanawe, na nyumba ya huko haina ua. Akasema kwa kuwa nimemtengenezea miwani mara tatu bila kununa, nichukue mimi. Nimeichukua kabla hajamaliza kusema. Miaka kumi na tisa nawakatia watu vioo wapate kuona mbali, na mbali kwangu mimi ni ukuta wa jirani.

Jioni nikaielekeza kwenye mwezi. Mwembamba, mzuri — na unatetemeka! Miguu mitatu ya darubini ni kama ya mbu. Mume wangu akipita, mwezi unaruka. Akikohoa, unatoka kabisa. Akachungulia, akasema mwezi una homa, upewe dawa. Akaingia ndani kula.

Jumanne, 4 Machi

Nimeuliza wanaojua. Wote wanasema: chimba shimo, simamisha bomba la chuma, mwaga zege. Lakini nyumba si yetu. Nikaenda kwa mwenye nyumba, anakaa nyumba ya mbele. Mzee alikuwa mkaguzi wa majengo. Amestaafu kazini, moyoni bado. Hakubishana nami. Alivaa miwani (kazi yangu hiyo), akatoa mkataba, akanisomea kifungu cha tisa kwa sauti: mpangaji hatachimba, hatajenga, hatapigilia msumari. Akakumbusha kwamba mkataba wetu unaisha mwisho wa mwezi, na bado anafikiria kama atatuongezea.

Nikamwambia shikamoo, nikaondoka. Shikamoo ya kuagia. Nimeaibika mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe ndiye aliyepata dawa. Anaishi nasi tangu goti lilipoanza kumsumbua, na akili yake haichechemei hata kidogo. "Mwanangu, mkataba umesema msichimbe chini. Umesema lolote kuhusu kumwaga juu?"

Tairi kuukuu la basi. Lilazwe, bomba katikati, zege ndani. Hakuna shimo, hakuna jengo, na tukihama tunahama nalo. Mume wangu ni dereva wa basi la shule — tairi lilikuwa hapa jioni ile ile.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja fundi mwashi. Wanamwita Kipimamaji kwa sababu haketi kwenye kiti kabla hajakipima kama kiko sawa. Nikamwacha uani, nikaenda kazini nusu siku. Nimerudi nakuta nguzo imesimama wima kama askari mpya, tairi limejaa zege hadi ukingoni.

"Dada, ua wako wote umeinama," akaniambia. "Nimepima kila kona. Palipo sawasawa ni hapa tu."

Nikamsifu. Nikamwongezea chai.

Jumapili, 9 Machi

Zege halijakauka. Tumekaa watatu tukiliangalia kama mgonjwa. Mama amekataza mtu kupiga kelele karibu nalo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga darubini juu ya bomba. Saa moja jioni. Mume wangu akapita. Akakohoa. Nikamwambia aruke. Mtu mzima, anayebeba watoto wa watu kila siku, akarukaruka uani kama chura — mwezi haukutikisika! Kisha Mshtarii, ile sayari kubwa, na vinukta vinne vya mwanga vimejipanga pembeni yake kama vifungo vya shati. Nimetazama mpaka shingo ikagoma. Macho yalinitoka machozi. Nimewaambia ni upepo.

Mama akatoka chooni. Anasema choo kinanguruma.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi choo kimejaa. Bafuni maji yanapanda badala ya kushuka. Mume wangu akasema si taabu, tunafungua chemba ya maji taka, tunazibua. Akatoka uani. Akasimama mbele ya tairi. Nikatoka, nikasimama naye. Palipo sawasawa uani kwetu ni mfuniko wa chemba.

Nikampigia Kipimamaji. Hakuona kosa lake. "Nilijiuliza mbona pamenyooka hivyo," akasema.

Wanaume watano wamelisukuma tairi. Mmoja ameondoka ameshika kiuno. Tairi liko pale pale.

Chemba yenyewe ni moja kwa nyumba zote mbili, na choo cha mbele nacho kimejaa. Basi saa kumi na mbili na nusu jioni gari la kunyonya maji taka likaingia kinyumenyume, mzee mwenye nyumba akiliongoza kwa mkono. Dereva wake akashuka na mpira mnene, akauliza chemba iko wapi. Mume wangu akaonyesha kwa kidevu.

Mzee akaizunguka nguzo mara mbili. Mkataba uko mfuko wa shati, nauona.

"Hii ni nini?"

"Ni tairi, mzee," mume wangu akajibu. Si uongo.

"Sijachimba, mzee," nikasema mimi.

"Sikuuliza hukufanya nini. Nimeuliza hii ni nini."

 Nikaigeuza darubini kwenye mwezi, nikamsogezea kigoda. Akaketi, nadhani ili apate pa kukasirikia vizuri. Akavua miwani, akainama.

Akafumba jicho moja, akatazama.

"Haya mashimo yote," akasema mwishowe, "ruhusa alitoa nani?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikamwonyesha jinsi ya kuisogeza polepole. Dereva akauliza aanze au aende, ana nyumba tatu nyingine. Mzee akainua mkono, jicho halijabanduka. Asubiri kidogo. Halafu mtu aende mbele akamwite mkewe, aje sasa hivi, na asiwashe taa.

Mkewe amekuja na ndala za kuogea. Sasa yuko nyuma ya mzee, na dereva yuko nyuma ya mkewe, gari amelizima, mpira umelala kwenye majani. Mzee hajasema neno kuhusu mkataba. Hajainuka pia. Naandika haya nikiwa kwenye ngazi ya jikoni. Mama anagonga dirisha kwa ndani, anauliza choo vipi.

Mume wangu amemjibu kuna foleni, ajikaze.