Heroe wa Swali la Nne

Mpendwa Shangazi Chelagat,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba heroe mmoja, au flamingo kama wanafunzi wangu wanavyomwita, amezua kizaazaa katika swali la nne la mtihani wa pamoja wa Kiswahili, na aliyemfuga ndege huyo ni mimi. Naomba msaada.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bahati, mke wangu alifariki zamani, nina kitambi na kichwa kilichoanza kuwa cheupe, na kwa miaka kadhaa nilikaa meza moja na Mwalimu Nabalayo, ambaye hajaolewa, tukigawana mahindi ya kuchemsha na kuchekea insha za wanafunzi, wala sikuwahi kumwambia neno, nikidhani meza haiendi popote, mpaka Januari akahamishiwa Ndabibi nami nikabaki kutafuna mahindi peke yangu, ndipo nikatunga shairi. Zamu ya kutunga mtihani wa shule za eneo letu iliponiangukia, nikakosa shairi la kuweka, nikaliweka hilo, nikaandika chini yake "mshairi hajulikani", na kwenye mwongozo wa kusahihisha nikasema dhamira ni uharibifu wa mazingira, kwa kuwa flamingo wa Ziwa Nakuru walihama kweli maji yalipopanda, na jibu lingine lisikubaliwe. Linaanza hivi:

Heroe umeniacha, ziwa limebaki chumvi,
Nakungoja hadi kucha, nywele zaingia mvi.

Siku ya kupitia maswali darasani, Njuguna, anayeona serikali kila mahali, akainua mkono.

"Mwalimu, heroe ni kodi yetu. Imeruka na hairudi."

"Wewe wacha siasa," Mitchelle akamkata. "Ziwa linaotea mvi wapi? Huyu ni mzee ameachwa kwa mataa na mpenzi wake!"

Darasa likacheka. Kisha, Shangazi, likatazama kichwa changu.

Hilo ningelimeza. Lakini jioni Nabalayo, anayesahihisha karatasi za shule yake mpya, akaniandikia kwa simu: "Mwalimu, habari za huko. Watoto wangu wengi wanasema mshairi anamtamani mtu aliyehama. Mwongozo unasema mazingira. Niwape alama ama niwanyime? Wewe ndiye uliyetunga mtihani."

Sijajibu. Nikisema awape, nimekiri. Nikisema awanyime, nimewadhulumu watoto walioona ukweli, na yeye ataamini nilikuwa nalilia ziwa. Nifanye nini?

Mwalimu, Bahati

*

Mwalimu, pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Una mdomo, una simu, na Ndabibi si ng'ambo. Badala ya kumwambia mwanamke kwamba umemkosa, umewatahini watoto wa watu kuhusu moyo wako, halafu ukaamuru atakayepata jibu apewe sifuri! Wape alama zao leo, bila kuuliza mtu. Na unadhani Nabalayo anauliza kuhusu alama tu? Labda ndiyo, labda siyo, na hutajua ukiendelea kujificha ndani ya manyoya. Usimtumie ubeti mwingine. Usitume salamu kupitia kwa walimu wenzako. Mpigie, useme unachotaka kusema, kisha unyamaze umsikilize. Akikataa utaumia, na Jumatatu utaingia darasani kama sisi wengine tunavyoenda kazini.

Shangazi Chelagat

*

Mwalimu ametuandikia tena:

Shangazi, alama nilizitoa, shule zote. Kuhusu hilo lingine, ningependa kukuambia nilisema kwa ujasiri. Ukweli ni kwamba nilimpigia nikaongea kuhusu vina, mizani, mvua ya Ndabibi na bei ya viazi, mpaka yeye mwenyewe akauliza, "Mwalimu, kwani huyo mshairi hana jina?"

"Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyechelewa gwaride.

"Na ndege?"

"Ni wewe."

Akavuta pumzi. "Siku zote hizo tumekaa meza moja, ukangoja nihame?"

Hakuniambia niende Ndabibi, wala hakukata simu. Tulikaa hivyo, nikiwasikiliza kuku wake wakiingia bandani na yeye akipumua, mpaka kredo yangu ya simu ikaisha.

Nimenunua nyingine.