Alama za Tairi Pale Kikopey

Chuoni, Nakuru
14 Septemba 2008

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai wewe na Mama hamjambo huko Kabazi na mahindi yamekomaa. Mimi ni mzima, ila vumbi la Nakuru linanikohoza. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ningelia kabla ya kumaliza.

Uliuliza nasomea nini hasa. Tunafundisha kompyuta kushika usukani kama binadamu. Mwalimu wetu, Bwana Makokha, anasema dereva aliye macho hurekebisha usukani kila mara, kidogo kushoto, kidogo kulia, hata barabara ikiwa imenyooka. Aliyesinzia harekebishi kitu. Gari lake huenda tu hadi mtaroni.

Nikakumbuka lori ulilokuwa ukiendesha lilipoanguka pale Kikopey, mwaka juzi. Ulisema usukani uligoma, polisi na tajiri wako wakasema ulisinzia, ukafutwa kazi. Nilimwomba Mama ule mchoro wa polisi wenye alama za tairi, akauficha ndani ya gunia la viazi ulilonitumia, bila kukuambia. Usimgombeze. Niliuingiza kwenye kompyuta, nikaigiza ajali ile mara mbili. Dereva aliyelala alitoka barabarani moja kwa moja. Dereva aliye macho, mwenye usukani usiotii, alipindapinda mara tano kabla ya kuanguka, sawasawa na alama zako. Baba, ulikuwa macho! Nilipiga kelele hadi Bwana Makokha akaja mbio akidhani nimepigwa na stima.

Jumanne nilimpelekea matokeo hayo tajiri wako, Bwana Joginder. Alitazama, akamwita fundi wake, naye akakiri kwamba usukani ulikuwa umelegea wiki nzima kabla ya safari ile. Bwana Joginder atakuja mwenyewe Kabazi kukuomba msamaha, na anataka urudi kazini.

Sasa hili ndilo nililoshindwa kukuambia kwa simu. Bwana Joginder alipokuja nyumbani kuuliza baada ya ajali, ni mimi niliyemwambia ulikuwa umekesha matangani. Nami niliamini ulilala. Ndiyo maana kila likizo nilisingizia masomo nisije nyumbani.

Nilipomwambia Bwana Joginder kwamba wewe hujui ni mimi niliyesema, alishangaa. Alisema ulijua siku ile ile, ukamsihi asinitaje popote, kwa kuwa mtoto aliyesema ukweli hana kosa. Miaka miwili, Baba, na viazi hukuacha kunitumia.

Nakuja Jumamosi. Msalimie Mama, na mniwekee kiti karibu na chako.

Ni mimi bintiyo,
Nyakio Gachanja