Kipaza Sauti Nakizima Mwenyewe

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijauaibisha ukoo mzima. Mimi ni mshereheshaji wa harusi, kazi naipenda na watu wananisifu, ila tangu mwaka jana kila nikishika kipaza sauti linanivamia wazo kwamba sasa hivi nitamporomoshea mama wa bwana harusi matusi ya nguoni, na mwenyewe yuko mbele yangu anatabasamu, kapendeza, hajanikosea lolote, basi jasho linanitoka na kwa usalama wa wote nakizima kipaza sauti mpaka wazo lipite, juzi wageni wakasikia "bwana harusi huyu hana" halafu kimya, ile "mfano" nikaisikia peke yangu, na upande wa bwana harusi wote wakasimama. Mke wangu anasema ni wasiwasi, shemeji anasema ni sonona, simu yangu inasema nina magonjwa yote, fundi mitambo anasema ni betri. Sasa Jumamosi anaolewa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa aliyenilea, na dada kasema, "Usiposimama wewe, mdogo wangu, kwangu usikanyage tena." Mshauri, mimi ni mtu mbaya? Niache kazi?

Mshereheshaji Bubu

Kaka, pole sana, ingawa umenichekesha mpaka nimemwaga chai. Mawazo yasiyobisha hodi humwingia kila mtu. Mama mwenye kichanga hujiona anamwangusha mtoto, mwenye sonona huambiwa na kichwa chake kwamba hafai, aliyeumizwa hurudishwa na kichwa chake kwenye siku ile aliyoumizwa, na mwingine hukagua kitasa mpaka kinalegea. Wazima nao wanayo, ila hawasemi. Kwa hiyo shemeji yako hawezi kukupa jina la ugonjwa kwa dalili hiyo peke yake, aache udaktari wa sebuleni.

Kosa lako ni hicho kidole. Kila ukizima, unaliambia wazo kwamba ni la hatari kweli, nalo linarudi limevimba kichwa. Harusi za watu unaziharibu kwa kuogopa kuziharibu!

Nenda kwa dada leo, mweleze ukweli. Kamwone daktari wa afya ya akili, maana mwaka mzima wa jasho si mzaha, na tiba ipo. Jumamosi fundi aifunge swichi kwa utepe ikiwa imewashwa. Wazo likija, liache lisimame hapo, wewe endelea kutangaza. Na ukome kujiita mtu mbaya. Anayetaka kweli kumtukana mama wa watu hazimi kipaza sauti, anaongeza sauti.