Twiga wa Ukurasa wa Kwanza

Jumatano, 4 Juni 2025

Baridi ya kufa mtu hapa Uyole. Viazi vya mbegu vimeisha mapema sokoni, asante Kyala, Mungu wetu, nikapitia ofisi ya kanisa kuuliza barua. Sisi hatuna sanduku letu la posta, tunatumia la ushirika wetu wa kanisa. Esta wa ofisini akanipungia bahasha toka mlangoni: Mama, mchumba wako wa Iringa kaandika! Mjinga yule. Ananichangamsha.

Mwandiko wa Mwana. Mwanaidi wangu. Siku hizi nani anaandika barua kwa mkono? Mimi na yeye tu tumebaki. Na kawaida yangu sifungui kwanza. Naangalia stempu. Naigeuzageuza kwenye mwanga, nasoma muhuri, hata kunusa nanusa. Lusekelo akinikuta anasema ee jamani, nimeoa mbwa wa polisi.

Basi nikaangalia. Moyo paa!

Samaki. Stempu ya samaki ya mwaka sitini na saba! Yule wa ukurasa wa tatu wa albamu yetu, safi, kashikizwa kwa kijikaratasi tu, gundi yake bado mgongoni, hajawahi kubandikwa kwenye barua toka alipochapwa. Kabandikwa kwenye bahasha! Pembeni yake stempu mpya ya siku hizi, na muhuri wa Iringa umewagonga wote wawili. Wino umemwingia samaki mpaka jichoni.

Nani kambandua? Tuna sheria moja tu mimi na Mwana: mwenye zamu ya albamu habandui kitu mwenzake asipokuwepo. Moja tu!

Ndani salamu. Hajambo, baridi ya huko ikoje, anatamani tuonane. Basi. Kuhusu samaki, kimya.

Nimekasirika hadi chai imepoa.

Alhamisi, 5 Juni

Lusekelo anasema: kwani stempu si kazi yake kubandikwa kwenye barua? Nikamwambia mzee, kunywa uji wako. Yeye anaziita makaratasi ya mate. Miaka yote hii ya ndoa hajaelewa, na sijui kwa nini natarajia aelewe leo.

Ataelewaje? Hakuwepo pale shuleni Iringa, kidato cha kwanza, mimi Mnyakyusa mshamba nisiyejua hata kutandika kitanda cha bweni, na Mwana binti wa duka, Mwislamu, mdomo kama cherehani. Tulikutanishwa na kapu la taka la Sista mmoja Mzungu. Kila Jumamosi tulikuwa zamu ya kumwaga takataka zake, na mle ndani — bahasha! Za Ulaya, za India, za kwingine tusikokujua. Tunakata kona zenye stempu, tunaloweka kwenye beseni la kufulia. Unasubiri. Hufosi, ukifosi inachanika. Halafu yenyewe tu inajiachia kwenye karatasi, inaelea. Raha ile! Mpaka leo sijapata raha ya kuifikia. Tunaanika kwenye daftari la hesabu, tunalalia daftari zinyooke.

Tulikuwa na moja imeandikwa Helvetia. Tukaitafuta Helvetia kwenye atlasi wiki nzima. Haipo! Mwana akasema basi ni nchi ya majini. Kumbe Uswisi.

Na Twiga. Twiga alitoka kwa baba yake Mwana, sanduku la makaratasi ya zamani dukani. Tanganyika, senti kumi, kijani, kichwa cha twiga na shingo yake, wala hana muhuri. Mzee akatuita wote wawili, akasema huyu ni wenu pamoja, mkigombana namrudisha sandukuni. Twiga akakaa ukurasa wa kwanza, peke yake. Hapo ndipo albamu ikawa moja. Nusu mwaka inakaa kwake, nusu mwaka kwangu. Tunakabidhiana Makambako, katikati ya safari, tunakula kuku na chipsi, kila mtu anarudi kwake.

Sasa kambandua samaki. Kwa nini?

Jumapili, 8 Juni

Jana Idi. Nikapiga simu kutoa mkono wa sikukuu. Kapokea Bibie, mke wa Farhan, mtoto wa Mwana. Shikamoo mamkubwa, mama amepumzika, salamu zitafika. Tangu Pasaka nikipiga, amepumzika. Mwana apumzike? Mtu ambaye zamani tukianza kuongea simu inapata moto sikioni!

Kanisani leo sikusikia mahubiri hata kidogo. Nilikuwa Makambako.

Maana Januari tuligombana. Niseme vizuri: niligomba mimi. Alifika kachelewa, kavaa kandambili mbili zisizofanana, nikacheka. Tukala. Zamu ilikuwa yake, nikamkabidhi albamu. Tumeshafika kwenye basi lake ndio naona mikono mitupu. Kaiacha chini ya meza! Nikakimbia, na goti langu hili bovu, nikaikuta mtoto wa mgahawa ameishika kwa mikono ya mafuta. Nilivyorudi nilimpigia kelele mbele ya abiria wote. Nikamuuliza, Mwanaidi, akili umeiacha wapi?

Alipanda basi, akakaa, akaniangalia dirishani.

Ijumaa, 13 Juni

Mbili kwa mpigo! Esta hata hakunitania, aliona uso wangu.

Moja ina kipepeo. Nyingine ina kipepeo mkubwa zaidi, yule wa njano niliyempata kwa kubadilishana na mwalimu wa Tukuyu, nikampa stempu kumi na mbili kwa huyo mmoja. Wote wamegongwa muhuri. Wote wana stempu mpya pembeni.

Nimekaa nazo mezani, ndipo nikaona. Samaki niliwaleta mimi. Vipepeo niliwaleta mimi. Hajatuma hata moja ya kwake! Sasa nimeelewa. Ananirudishia changu. Anagawa albamu, kama watu wanaoachana wanavyogawana sufuria, ila hana ubavu wa kusema. Na anavyorudisha, anarudisha zikiwa zimeharibika. Mwana, Mwana! Kwa neno moja la stendi?

Imeniuma. Nimelia, hata sioni aibu.

Ila kitu kimoja nikiandike, hapa hakuna anayesoma: hizo bahasha ni nzuri. Kipepeo wa ujana wetu na muhuri wa juzi! Hakuna mkusanyaji mwenye akili anayeweza kuwa na kitu kama hicho. Nilitaka kuzitia motoni. Nimezifunga kwenye kitambaa.

Jumanne, 17 Juni

Ukungu mpaka mchana. Nimeandika jibu, nimelichana. Nimeandika lingine, nimelichana. La kwanza lilikuwa la matusi, la pili lilikuwa la kubembeleza, na mimi sibembelezi.

Jumamosi, 21 Juni

Leo imekuja nyingine. Nikasema potelea mbali, nikapiga simu palepale nje ya ofisi ya kanisa, Esta anasikia yote. Bibie kaanza, shikamoo mam— Nikamkata. Sitaki shikamoo, nipe Mwanaidi! Kama ananiacha aniache kwa mdomo wake!

Bibie akaanza kulia.

Akasema mamkubwa, mama hayuko sawa. Tulikuficha. Farhan alisema yasitoke nje, watu wa mjini wana maneno. Anaswali adhuhuri, akimaliza anatandika msala tena, anaswali adhuhuri. Asubuhi anauliza kama baba yake ameshafungua duka. Siku nzima anaandika barua. Akimaliza anachukua kile kitabu cha stempu, anabandua moja, analamba, anabandika. Anasema barua ya Uyole ni senti kadhaa. Tukimzuia analia. Mimi naipeleka posta, wananiambia hizi senti hazifiki popote, ndio naongezea stempu ya leo ili barua isirudi. Nimekosea, mamkubwa? Nilidhani ni karatasi za zamani tu.

Nikamwambia hujakosea, mwanangu.

Esta alinishika mkono mpaka nyumbani. Mimi Damari, kushikwa mkono!

Jumapili, 22 Juni

Akili umeiacha wapi. Nilimuuliza hivyo. Mbele ya watu.

Kandambili zisizofanana, mimi nikacheka!

Farhan kapiga baada ya ibada. Mpole mno, kama mtu anayezungumzia maiti. Anasema mamkubwa, njoo ukichukue kile kitabu kabla hajakimaliza. Sisi hatujui thamani yake, wewe ndio unajua. Nikauliza, na mama yako? Akasema tutampa magazeti akate picha.

Magazeti!

Lusekelo kasikia yote. Nilitegemea atanena lake la makaratasi ya mate, akaweka kikombe chini. Kisha: Nenda. Nikamuuliza niende kuchukua au niende kuona? Akasema ukifika utajua, mimi nitauza viazi. Huyu mzee ananichosha, halafu siku moja anasema kitu kama hicho.

Lakini ukweli ni huu. Naitaka albamu. Kila ukurasa naujua kwa vidole. Nikifikiria ulimi wa Mwana juu ya Twiga wetu, natamani nipande basi usiku huu nikamnyang'anye. Hapo hapo nafikiria ulimi ule ule ulivyokuwa unanichekesha bwenini mpaka tunaadhibiwa, nashindwa kujielewa. Mtu anaweza kulilia karatasi wakati rafiki yake anapotea? Mimi naweza. Nalilia vyote.

Jumanne, 24 Juni. Iringa

Nimefika mchana. Farhan alinipokea kituo cha basi cha Ipogolo, kule bondeni, na gari ya dukani, tukapanda mjini. Albamu alishaifunga kwenye kanga, ipo tayari sebuleni, kama mzigo wa kunifukuzia.

Mwana alikuwa uani kwenye jua. Kapungua. Lakini kapendeza, kanga safi, hina mkononi, Bibie anamtunza. Nikasema Mwana! Akainua uso, akatabasamu kwa adabu. Karibu mama. Unatoka wapi?

Natoka Uyole.

Uyole! Akapiga makofi. Nina shoga yangu Uyole, anaitwa Dama. Unamjua? Mkali huyo! Lakini moyo wake mweupe. Ukimwona mwambie aje na kibano, changu kimepotea.

Nikasema nitamwambia. Sauti ilitoka sijui ya nani. Nikaenda kusimama jikoni, Bibie akanipa maji.

Jioni alianza kuhangaika. Anafungua kabati, anatazama chini ya mito, kitabu, kitabu, wamechukua kitabu cha Dama. Farhan akaniangalia. Nikaenda sebuleni, nikaifungua ile kanga, nikampelekea. Mwana akakumbatia albamu akasinzia hapohapo kwenye kochi.

Jumatano, 25 Juni. Iringa

Asubuhi nzuri. Jua. Tumekaa uani mimi na yeye, meza ndogo, albamu katikati. Akaniruhusu kufungua, maana mimi ni mgeni mwenye mikono safi, ndivyo alivyosema.

Tukapitia ukurasa kwa ukurasa. Hajui jana amekula nini, lakini stempu anazijua! Hii ya Helvetia, akasema, nchi ya majini. Nikacheka mpaka machozi, naye akacheka kuona nimecheka. Kuna nafasi tupu kama mapengo. Nikamuuliza taratibu, mama, hawa samaki wamekwenda wapi?

Akaangalia huku na huku. Akanong'ona. Nimempelekea Dama. Alizozileta mwenyewe, aone kuwa nimemtunzia. Alinikasirikia Makambako. Aliniuliza akili nimeiacha wapi. Akacheka kidogo. Swali zuri lile, mama. Nimeitafuta humu ndani kote.

Mungu wangu.

Nikamwambia Dama hajakasirika. Nikamwambia Dama ndiye mwenye makosa, anaomba radhi. Akatikisa kichwa: humjui wewe. Angekuwa hajakasirika angekuja. Nikasema Mwana, ni mimi! Dama ni mimi! Akanishika shavu, akaniangalia vizuri sana, kwa huruma. Akasema, Dama ni msichana.

Nikamgeuzia ukurasa mwingine.

Sasa ameandika barua nyingine. Fupi. Kaikunja, kaitia kwenye bahasha, kaandika jina langu na sanduku la kanisa bila kukosea namba. Halafu akarudisha kurasa zote mpaka ya kwanza. Anasema wengine wote nimewatuma hawajamleta. Huyu atamleta. Huyu ni wetu wawili. Akajaribu kumbandua, ukucha unateleza, akaacha mwenyewe. Nitamchana, akasema, nisaidie mama. Una mikono mitulivu.

Farhan yuko mlangoni, anatikisa kichwa: mamkubwa, usimpe. Bibie yuko nyuma yake na kikapu, anasubiri kwenda posta.

Nimemwambia Mwana asubiri kidogo, kuna kitu nakiandika. Kasema sawa, na yeye anapenda watu wanaoandika. Kibano nilikuja nacho, kimo kwenye pochi. Nimeshakitoa. Twiga ameinuka bila kuchanika, gundi yote iko mgongoni, kijani kama siku ile aliyotoka sandukuni. Namwandika hapa nikiwa nimemshika kwa mkono wa kushoto.

Mwana ameshatoa ulimi. Anasema, lete mama, posta itafungwa.