Nilimshika Mpaka

Jumanne, 6 Agosti 2019

Bronwyn, mtaalamu wa tiba ya usemi, alikuja saa nne na kadi mpya. Wiki ya tisa hii tangu kiharusi kimwangushe Neville bafuni. Vitenzi vinamrudia – nilikwenda, nilibeba, nilivunja – na vyote, ajabu, vinarudi katika wakati uliopita. Vinavyogoma ni viunganishi. Mume wangu sasa anaongea kama mtu anayeshusha matofali kwenye lori. Nilikwenda. Mvua. Nilirudi. Hakuna kabla, hakuna kwa sababu.

Kadi za buluu ni vitenzi, za njano viunganishi. Weka buluu, weka njano, weka buluu nyingine, sentensi mbili zishikane. Ndiyo tiba yenyewe.

Nikamwambia Bronwyn kwamba kwetu Muheza ile "when" yao ya Kiingereza haisimami peke yake, imo tumboni mwa kitenzi. Alipoanguka. Nilipofika. Huwezi kuipoteza mpaka upoteze na kitenzi chenyewe. Akasema basi Neville angejifunza Kiswahili mapema, angeugua kwa raha. Neville alicheka – nusu ya mdomo.

Kisha akawekewa kadi ya "alianguka". Akaitazama muda mrefu. Akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Bronwyn akamwomba airudishe, kwa upole, mara mbili. Hakumsikia. Au hakutaka.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeikuta ile kadi wakati wa kufua. Imekunjwa mara nne. Nimeitia tena kwenye shati safi. Sijui kwa nini sikuitupa.

Jumapili, 11 Agosti

Tumekwenda kumwona Merle, mama mkwe, kule kwenye nyumba ya wazee. Miaka tisini na mmoja, mapafu yamechoka, ulimi bado wembe. Alimwambia mwanawe amekonda kama mchungwa uliosahauliwa maji. Akaniuliza mimi kama ninampikia au ninamsomea tu magazeti.

Halafu Neville akasema, bila kuulizwa: "Colin."

Niliangusha kijiko.

Niandike hapa, maana hakuna mahali pengine pa kuandika, na Kiswahili changu hakuna wa kukisoma katika nyumba hii. Colin alikuwa mdogo wake Neville. Alikufa maji mtoni, penye pampu yetu ya kumwagilia, Agosti 1988, miaka minne kabla sijaolewa hapa. Tunalala katika chumba kilichokuwa chake. Majira ya baridi navaa koti lake nikienda kuchuma machungwa, mikono imenizidi. Lakini jina lake sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwa Neville. Mara moja tu, mwaka wa kwanza, niliuliza. Akatoka nje, akakaa juu ya trekta lililozimwa hadi jioni. Sikuuliza tena. Ninachokijua, karibu chote, nimekisikia kwa majirani: ndugu wawili, wiki ile ile walipigana baa mji mzima ukitazama, kisha mmoja akafa maji na mwingine akawaambia polisi kwamba hakuwepo.

Merle aligeuza uso ukutani. Akasema amechoka, twende.

Jumanne, 13 Agosti

Niandike taratibu.

Bronwyn alimwaga kadi zote mezani. Tunga sentensi yoyote, akasema. Neville akatoa mfukoni ile yake iliyokunjwa, akailainisha kwa kiganja. ALIANGUKA. Akatafuta njano. KABLA. Kisha buluu. SIJAFIKA.

Alianguka kabla sijafika. Sentensi kamili, ya kwanza tangu Juni! Bronwyn akapiga makofi. Mimi sikuweza. Niliijua. Ndiyo iliyo kwenye maelezo ya polisi, karatasi iliyopauka ndani ya Biblia ya mama mkwe. Niliiona nilipomsaidia kuhama. Neno kwa neno.

Neville hakufurahi. Aliitazama sentensi yake kama mtu aliyepewa mzigo wa jirani. Akaichomoa KABLA. Akaigeuza chini juu. Akaitoa na SIJAFIKA. Akatafuta, akatafuta, vidole vyake vizito, jasho usoni na nje baridi. Akaweka NILIMSHIKA. Akaweka MPAKA.

Basi. Nilimshika mpaka. Baada ya hapo kiganja chake kikabaki mezani pasipo na kadi.

Bronwyn akauliza: mpaka nini, Neville? Mpaka lini? Akamsogezea kadi moja moja. Alitikisa kichwa kwa kila moja. Saa yake ilipokwisha Bronwyn akanong'ona mlangoni kwamba leo ilikuwa siku kubwa. Nilimshukuru. Nikafunga mlango.

Jumatano, 14 Agosti

Sikwenda shambani. Nilikaa naye jikoni, chai mbili, toast ikipoa. Nikajaribu mwenyewe. Mpaka ukachoka? Hapana. Mpaka maji yakamvuta? Hapana. Mpaka akateleza? Alinitazama, machozi yakimtoka upande mmoja tu.

Kuna swali moja sikumuuliza. Mtu anaweza kumshika mwenzake ili amtoe majini. Anaweza pia kumshika ili asitoke. Kitenzi ni kile kile. Nimelala ubavuni mwa mikono hii miaka ishirini na saba.

Mchana nilimkuta bandani, mgongo kwangu. Anajifunza. Mpaka. Mpaka. Mpaka.

Ijumaa, 16 Agosti

Amekwenda penye pampu asubuhi, kwa fimbo, peke yake. Nilimtazama kupitia miti. Alipiga magoti matopeni, akatia mkono wa kulia mtoni hadi begani. Akauacha humo. Nikahesabu hadi mia mbili, nikakimbia.

Mkono ulikuwa wa buluu. Niliusugua kwa koti. Akasema: "Mama." Nikadhani anamlilia mama yake. Akakasirika, akarudia, akanyoosha kidole barabarani. Anataka kupelekwa.

Jumapili, 18 Agosti

Ninaandika nyuma ya orodha ya chakula cha wiki, hapa hapa chumbani kwa Merle, mbao za kiti zikinichoma mgongo. Hawanioni nikiandika. Afadhali.

Neville aliingia na kadi zake. Hakusalimia. Alizipanga juu ya blanketi, juu ya magoti ya mama yake: ALIANGUKA. NILIMSHIKA. MPAKA.

Merle alivaa miwani. Alisoma. Alisoma tena. Nilidhani atalia au atatufukuza. Badala yake akaniambia mimi, si yeye, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari:

"Neville alirudi amelowa hadi kwapani, Tumi. Nilizifua nguo zake kabla polisi hawajafika. Nikamvalisha za kanisani."

Akaendelea:

"Walikuwa wamepigana. Ningepoteza wawili kwa siku moja. Nikamwambia atakachosema. Ile 'kabla' si yake, ni yangu mimi. Yeye hakuwahi kuitamka mpaka nilipoitia mdomoni mwake."

Nilimtazama Neville. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka thelathini na moja! Nilidhani ule ukimya ni wa kwake.

Nikamuuliza Merle kama alijua kilichotokea. Akasema hakuuliza. Siku ile alimfunga mdomo, na kesho yake akaogopa kumfungua. Kila Jumapili alimpakulia nyama, akaitazama ile mikono, akaogopa, akampa viazi. Nikajua hofu yake, maana ndiyo yangu ya Jumatano.

Kisha akamshika mwanawe kidevu, akamwinua uso.

"Naichukua yangu. Sasa sema ya kwako. Alianguka, ukamshika. Mpaka nini, mwanangu?"

Neville akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akafunga. Akafungua. "Alisema," akasema.

"Nani? Colin?"

Akaitikia kwa kichwa. "Mpaka. Alisema."

Nilimshika mpaka aliposema. Nimeiunga mimi, kichwani, kwa lugha yangu. Colin alikuwa hai basi, alikuwa anaongea, uso wake nje ya maji. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Halafu nikaona uso wa Neville na pumzi ikarudi ndani. Ni neno gani hilo, ambalo mtu akilisema mtoni, ndugu yake anamwachia?

Merle hajamkatisha. Mhudumu ameingia na dawa. Amempungia mkono atoke. Ameongeza sauti ya kile kifaa chake cha sikioni, mpaka kinalia kama mbu.

Kadi zimeanguka sakafuni, Neville hazitafuti. Ameshika kifundo cha mkono wa mama yake, anakibana, vidole vimekuwa vyeupe. Merle anaumia, naona, lakini mkono hauondoi.

"Alisema," anarudia. Jasho. "Alisema kwamba."

Kwamba – ya njano. Ya kwake mwenyewe, hajapewa na mtu.

"Kwamba nini?" Merle, kwa upole sana.

"Alisema kwamba –"

Naiweka kalamu chini, nisikilize.